Picha ya Siku ya Kumi

Mhadhara wa umma uliotolewa Kamembe, Wilaya ya Rusizi



Kila mtu aliyevunjika mkono huuliza swali moja kabla plasta haijakauka. "Daktari, mkono wangu utarudi?" Haulizi kama mfupa utaunga. Mfupa wa kifundoni karibu kila mara huunga, hata usipotibiwa vizuri. Anauliza kama mkono utarudi: kama utasonga ugali, utakamua nguo, utainua jerikani la lita 20, utashika jembe bila kumwamsha mwenyewe usiku kwa maumivu. Kwa miaka mingi nimejibu swali hilo nikiwa nimeinua picha ya eksirei kuelekea dirishani, na kwa miaka mingi nimejibu haraka mno. Leo nataka kueleza picha ile inaweza kutabiri nini, inashindwa kutabiri nini, na kwa nini naamini kwamba kwetu hapa picha yenye thamani kuliko zote ni ile inayopigwa siku kumi baada ya ajali, ambayo wengi wenu hamkuwahi kupigwa.

Tuelewane kwanza kuhusu mahali penyewe. Kifundo cha mkono ni pale tunapovalia saa. Nasema hivi kwa sababu neno kiwiko limetuponza. Katika kamusi za zamani kiwiko ni hapa kwenye saa. Siku hizi wengi wakisema kiwiko wanakusudia pale mkono unapokunjika katikati. Niliwahi kupokea barua ya rufaa yenye neno hilo, tukampiga mgonjwa picha ya mahali pazima, akakaa benchini saa nzima na kifundo chake kimevimba. Basi tuseme kifundo. Mifupa miwili inateremka kutoka katikati ya mkono hadi hapo: rediasi upande wa dole gumba, alna upande wa kidole cha mwisho. Mtu akiteleza hutanguliza kiganja, ndivyo tulivyoumbwa, na uzito wote wa mwili pamoja na wa mzigo ulio kichwani unashukia kwenye ncha ya rediasi.

Na Rusizi ni nchi ya kuteleza. Vijia vya mteremko wakati wa mvua za Machi na Aprili, mashamba ya chai kule Shagasha, matope ya mpunga Bugarama, pikipiki zinazopanda kutoka mpakani na abiria na magunia. Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka pia Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipobomoa nyumba na makanisa pande zote mbili za mto wa mpakani, likaua makumi ya watu na kujeruhi mamia. Katika hadhira hii sidhani kuna mtu asiye na ndugu aliyewahi kufungwa plasta, au hogo kama wanavyosema Watanzania.

Mwaka 1814 daktari mpasuaji wa Dublin, Abraham Colles, aliandika maelezo ya mvunjiko huu yaliyokuja kuubatiza jina lake. Eksirei haikuwapo, alitegemea macho na vidole. Pamoja na maelezo hayo aliacha tamko ambalo bado linatusumbua: kwamba mkono uliounga ukiwa umepinda utabaki umepinda maisha yote, lakini baada ya muda mrefu utarudia miondoko yake yote bila maumivu. Miaka 81 baadaye, tarehe 8 Novemba 1895 huko Würzburg, Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miali iliyopenya nyama na kuacha kivuli cha mfupa. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameupiga picha mkono wa mkewe, Anna Bertha, pete ikiwa kidoleni. Tangu siku hiyo sisi madaktari tuna mashahidi wawili, mkono na picha yake, na mara nyingi hawasemi jambo moja. Colles aliuamini mkono. Wanafunzi wa Röntgen, nikiwemo mimi, tulielekea kuiamini picha.

Picha inatupa namba, na namba zinavutia. Katika mkono mzima, uso wa rediasi unaobeba vifupa vya kifundo umeinamia upande wa kiganja kwa nyuzi 11 hivi, na umelala kuelekea kidole cha mwisho kwa nyuzi 22 hivi. Ukivunjika, uso huo hugeuka nyuma, kuelekea mgongo wa mkono, na mfupa hufupika. Miongozo ya madaktari wa mifupa wa Marekani ilituwekea mipaka: baada ya kunyoosha, ukiona mfupa bado umeinama nyuma zaidi ya nyuzi 10, au umefupika zaidi ya milimita 3, au ndani ya kiungo kuna ngazi inayozidi milimita 2, fikiria upasuaji. Vipimo hivi nilivikariri ujanani kama wengine wanavyokariri sala.

Ile milimita 2 ina historia ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuijua. Mwaka 1986 watafiti Knirk na Jupiter walichapisha uchunguzi wa vijana 40 waliokuwa na mivunjiko 43 iliyoingia ndani ya kiungo. Karibu wote waliobaki na ngazi ya milimita 2 au zaidi walionyesha, katika picha za miaka ya baadaye, kiungo kilicholika. Dunia nzima ikaishika milimita 2. Lakini mwaka 2009 Jupiter mwenyewe, pamoja na mwenzake Haus, alirudi kwenye kazi ile na kuikagua upya, akaeleza wazi udhaifu wa mbinu zilizotumika. Ninamheshimu sana mtu anayefungua tena kazi iliyompa jina baada ya miaka 23. Tena kiungo kulika katika picha si sawa na mtu kuumia. Nimewaona wenye picha za kutisha wakilima.

Mmoja wao ni mzee wa upande wa Bugarama, aliyekuwa amepita miaka 70. Alifika kwangu kwa kikohozi, mwaka mmoja baada ya kuvunjika. Nilipouona mkono wake umepinda kama uma uliolazwa, nikataka picha kabla hata ya kusikiliza kifua. Picha ilivunja kila mpaka niliokariri. Nikamwuliza mkono unamsumbua namna gani. Akanitazama kwa mshangao: mkono upi? Alikuwa ametoka shambani asubuhi hiyo. Mwaka 2020 miongozo ileile ya Marekani ilikiri jambo ambalo mzee huyu alishanifundisha: kwa walio na zaidi ya miaka 65, upasuaji hauwapi matokeo bora ya muda mrefu kwa jinsi wenyewe wanavyojieleza. Picha hunyooka, mtu hubaki vilevile.

Sasa msiondoke hapa mkidhani picha haina kazi. Nina hadithi ya pili, na hii ni kosa langu. Alikuwa mama wa miaka 40 na kidogo, mchuuzi wa kuvuka mpaka. Nilimnyoosha vizuri. Picha ya baada ya kunyoosha ilikuwa safi kiasi kwamba niliwaonyesha wanafunzi. Nikamwambia, "Mama, rudi baada ya wiki sita tufungue." Akarudi siku ileile niliyomwambia. Tulipofungua plasta, mfupa ulikuwa umerudi nyuma kuliko siku ya ajali, na sasa ulikuwa umeunga hivyo, mgumu kama jiwe. Hakuweza kugeuza kiganja juu ili apokee chenji. Ndilo lililomliza, kwamba hawezi kupokea chenji. Nilimwomba radhi, lakini radhi hainyooshi mfupa.

Kilichotokea ndani ya plasta ile ndicho kiini cha mhadhara huu. Ncha ya rediasi haikujengwa kama ukuta wa tofali. Ni ganda jembamba lililofunika sega, kama sega la nyuki, lenye nyuzi nyembamba za mfupa. Mtu akiangukia kiganja, sega la upande wa nyuma hubonyea. Daktari anapovuta na kunyoosha, ganda hurudi mahali pake, lakini vijumba vilivyopondeka havijijazi papo hapo: nyuma ya ganda kunabaki pango. Plasta inashika kwa nje. Misuli ya mkono haikomi kuvuta, mchana na usiku, na uvimbe unapopungua plasta hulegea. Hapo kidogo kidogo mfupa unaporomokea kwenye pango. Hauumi, maana maumivu ya ajali yanapungua siku hizohizo, na mgonjwa anajiona anapona.

Kwa hiyo picha ya kwanza inaweza kutabiri kuteleza, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Mwaka 1989 mtafiti Lafontaine na wenzake walitaja dalili: mwinamo wa nyuma unaozidi nyuzi 20 siku ya ajali, kupondeka kwa upande wa nyuma, mvunjiko kuingia kwenye kiungo, alna kuvunjika pamoja, na umri wa zaidi ya miaka 60. Mwaka 2006 wenzetu wa Edinburgh, Mackenney na McQueen, waliopitia mivunjiko kama 4,000, walikuta yanayotabiri zaidi ni umri, kupondeka, na mfupa kuwa umefupika. Mfupa wa mama yule ulikuwa umepondeka sana upande wa nyuma. Dalili ilikuwa kwenye picha. Mimi nilikuwa natazama uzuri wa mnyoosho wangu.

Lakini utabiri wa picha ya kwanza ni wa kundi, hausemi huyu au yule. Sikilizeni jaribio moja kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2022. Watu wazima 500 katika hospitali 36, wote walionyooshwa, wakagawanywa kwa kura: nusu wakachomekwa vyuma vyembamba vya kushikilia mfupa, nusu wakafungwa plasta iliyofinyangwa vizuri. Baada ya mwaka mmoja mikono ya makundi yote mawili ilikuwa sawa. Kwa hospitali ya wilaya hiyo ni habari njema: plasta, ikifinyangwa na mikono yenye ujuzi, inatosha kwa wengi. Ila soma mpaka mwisho. Katika kundi la plasta, mmoja kati ya wanane alihitaji upasuaji ndani ya wiki sita za mwanzo kwa sababu mfupa uliteleza. Matokeo yalikuwa sawa kwa sababu yule mmoja alionekana mapema. Alionekana kwa sababu alirudi kupigwa picha. Ukichukua plasta ya Uingereza bila picha ya kurudia, umechukua nusu ya dawa.

Ndiyo maana nasema siku ya kumi. Vitabu vinataka picha wiki ya kwanza na nyingine wiki ya pili, na anayeweza kuja mara zote mbili aje. Nimechagua kumi kwa ajili ya mwenye nauli ya safari moja. Kufikia siku hiyo uvimbe umeshuka na mfupa unaotaka kuteleza kwa kawaida umeshaanza. Hata hivyo ute unaounga mfupa bado ni laini: unaweza kuvuta tena kwa sindano ya ganzi, kubadili plasta, au kumpeleka mgonjwa kwa mpasuaji kwa utulivu. Kuanzia wiki ya tatu mlango unajifunga. Baada ya wiki sita, kurekebisha ni kuukata upya mfupa uliokwisha kuunga, na kazi hiyo kwa wengi wetu inamaanisha safari ndefu ya kupita msitu wa Nyungwe.

Wapo wanaoogopa mionzi. Picha ya kifundo inatoa mionzi kidogo kuliko ile ambayo mwili hupokea kwa siku moja kutoka ardhini na angani bila kwenda hospitali. Mje bila hofu. Na ninyi wapiga picha, ambao majina yenu hayaandikwi kwenye vitabu: pembe yote ninayoisoma iko mikononi mwenu. Mkono ukigeuka kidogo wakati wa picha ya ubavu, mwinamo unaonekana mdogo au mkubwa kuliko ulivyo, nami nitaamua vibaya kwa kujiamini. Mkichelewa dakika mbili mkiuweka mkono sawa, mmefanya kazi ya udaktari.

Mtaniuliza kuhusu mashine mpya. Zipo, na zinanifurahisha. Huko Maastricht, Innsbruck na Calgary watafiti wanaingiza kifundo kilichovunjika kwenye mashine inayopiga tabaka kwa tabaka kwa uangavu wa mikromita 61, chini ya unene wa unywele, hata kikiwa kimefungwa plasta. Wanaona nyuzi za sega zikijengwa upya wiki hadi wiki, na kompyuta inakokotoa mfupa unastahimili uzito kiasi gani. Siku moja itatuambia nani afunguliwe plasta mapema na nani asubiri. Sitiskani (CT scan) ya kawaida nayo ina nafasi yake pale kijana, fundi au dereva, amevunjika ndani ya kiungo na hatujui ngazi ni ya kiasi gani. Ila mama yule mchuuzi hakuhitaji mikromita 61. Alihitaji picha ya kawaida, ya pili, kwa wakati wake.

Kuna utabiri mwingine usiohitaji hata umeme. Mwaka 2014 mtafiti Moseley na wenzake wa Australia waliwafuatilia watu 1,549 waliovunjika kifundo, wakitafuta nani atapata ule ugonjwa mbaya wa maumivu ambao mkono huvimba, hubadilika rangi na kuuma hata ukiguswa na shuka. Wachache waliupata, chini ya 4 kwa 100. Kilichowatambulisha mapema ni swali moja la wiki ya kwanza: kuanzia sifuri hadi kumi, maumivu yako ni mangapi? Aliyejibu tano au zaidi alistahili kuangaliwa kwa karibu. Hakuna kivuli cha mfupa kinachoonyesha hilo. Wauguzi wa vituo vya afya, swali hilo ni lenu. Liulizeni, muandike jibu.

Na tunapouliza kama mkono umerudi, tuulize kwa lugha ya maisha ya hapa. Dodoso linalotumika sana duniani humwuliza mgonjwa kama anaweza kuzungusha kitasa cha mlango, kukata nyama kwa kisu, kufunga vifungo, kujiinua kitini. Ni maswali mazuri, lakini mchuma chai hufanya kazi kwa ncha za vidole siku nzima na kikapu mgongoni, na anayefua kwa mkono hukamua blanketi lililojaa maji. Ningependa wanafunzi wetu watengeneze dodoso la kukamua, kusonga, kuchuma na kulima, walipime kwa uaminifu, kisha walilinganishe na picha. Hapo ndipo tutajua milimita ngapi ni nyingi kwa mkono wa Rusizi.

Kinyarwanda kina kitenzi kunga, Kiswahili kina kuunga. Kunga ni kuunganisha mfupa uliovunjika, na ni kupatanisha waliogombana. Ndiyo maana wapatanishi wa vijijini wanaitwa abunzi. Viungo vya mwili, kwa Kiswahili, vina mzizi huohuo. Wapo kati yetu waunga mifupa wa jadi, na siwezi kuzungumza kana kwamba hawapo. Nimewaona wagonjwa waliofungwa vibanzi kwa kukazwa mno, vidole vikiwa vimeanza kuwa vyeusi, na nawasihi: vidole vikipoa au kufa ganzi, fungueni mara moja, mleteni mtu hospitali. Lakini nimemwona pia mzee mmoja muunga mifupa akifanya jambo lililonifedhehesha. Humtaka mgonjwa arudi siku ya nne, na ya nane, na ya kumi na mbili. Kila mara hufungua, hupapasa kwa dole gumba, hufunga upya. Hana picha, lakini anajua kwamba mfupa hutembea. Sisi tuna picha, tukampa mgonjwa wiki sita.

Nimewauliza wasiorudi kwa nini hawakurudi. Mwenye mutuelle, bima ya afya ya jamii, hulipa asilimia 10 ya gharama hospitalini, ila mutuelle hailipi pikipiki wala siku ya soko iliyopotea. Aliyetoka ng'ambo ana hesabu nyingine za mpaka. Wengine karatasi ililowa mvua au ilibaki kwenye begi la ndugu. Jibu lililonigusa kuliko yote ni la wengi: hakuna aliyewaambia. Mkono ulikuwa hauumi, wakadhani wamepona. Na wale wenye zaidi ya miaka 50, hasa wanawake, wasiporudi wanakosa jambo lingine: mfupa wa kifundo uliovunjika kwa kuanguka tu unaonya kwamba mifupa imedhoofika, na hatari ya kuvunja nyonga baadaye inakaribia kuwa maradufu. Mazungumzo hayo hufanyika vizuri siku ya kumi, mgonjwa akiwa ametulia.

Basi niliacha kuandika tarehe kwenye karatasi. Nachukua kalamu ya wino mzito na kuiandika juu ya plasta yenyewe, upande wa nje, kubwa, ili isomwe kutoka mbali. Mwaka uliofuata baada ya yule mama wa chenji, nilimfunga mwingine, muuza samaki wa sambaza. Nikamwandikia 14. Tarehe 14 asubuhi alikuwa mlangoni, na wenzake wawili wa meza za jirani nyuma yake. Nikamsifu kwa kukumbuka. Akasema hakukumbuka: tangu saa kumi na moja, kila aliyekuja kununua samaki alikuwa akiusoma mkono wake na kumwuliza mbona bado yuko sokoni. Tukapiga picha. Mfupa ulikuwa umeanza kuinama, nyuzi chache tu, na bado ulikuwa laini.